Brazili: katuni za maisha ya kijijini, na wenye kuzicheka wako mu muji

Mutoto anatumwa kuleta mukasi mu chumba. Anaenda, anaangalia kidogo, anarudi kusema hauko. Mama, bila kuacha chungu yake ku moto, anamuuliza: na mimi nikienda kule nikauona, nikufanye nini? Mutoto anatoka mbio. Anapindua kitanda, anapindua sanduku, hakuna kitu. Mama anaingia, ananyoosha mukono, mukasi uko palepale juu ya meza. Kisha kandambili inaruka hewani.

Katuni yote ni hiyo. Inamaliza dakika moja, ao hata haifike. Michoro ni ya kawaida sana: kichwa kikubwa, mikono sawa vijiti, nyuma yao ukuta wa udongo na jiko la kuni lenye halisogei kamwe. Sauti ya mama, ya mutoto na ya tate mwanamuke zote zinatoka mu kinywa cha mutu mumoja, mara nyingi kijana mwanaume mwenye kubana sauti. Ku Brazili katuni za namna hii, desini anime kama vile watoto wa Goma ao Bukavu wanaziita, zimejaa ku YouTube, ku Facebook, ku TikTok na mu vikundi vya WhatsApp. Wengi kati ya wenye kuzitengeneza hawakusomea hiyo kazi. Walianza na telefone ao kompyuta ya zamani, na programu ya bure.

Watu wa mashariki ya Kongo wanajua Brazili kwa mupira, na wanaijua pia kwa majenerali wake: Carlos Alberto dos Santos Cruz ndiye aliongoza askari wa MONUSCO mwaka wa 2013, wakati M23 ilishindwa kwa mara ya kwanza. Lakini Brazili ya jikoni, ya mama na watoto na kuku mu kiwanja, haijulikane sana. Na huko ndiko kuna jambo lenye kushangaza. Ni inchi yenye karibu watu tisa kwa kumi wanaishi mu miji. Sasa kwa nini kitu chenye kinawachekesha ni kuku, jiko la kuni na mama wa mashambani?

Watoto wa wenye walihama

Jibu linaanza na hesabu ya watu. Sensa ya mwaka wa 1940 ilikuta kama Mubrazili mumoja tu kwa watatu ndiye alikuwa anaishi mu muji. Mwaka wa 1970 walikuwa wameshapita nusu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 203, na asilimia 87 kati yao wako mu miji. Kati ya 1960 na 1980 peke yake, watafiti wanahesabu kama karibu watu milioni 27 walitoka mashambani. Ni sawa vile inchi nzima ilifunga mizigo ikaondoka.

Walitoka juu ya ukame wa Kaskazini-Mashariki, eneo lenye Wabrazili wanaita Nordeste, na zaidi mu sertão, ile inchi kavu ya ndani. Walitoka juu mashamba yalikuwa yanaingia mu mikono ya wenye ng'ombe na wenye matrakta. Na walitoka juu viwanda vya São Paulo vilikuwa vinatafuta mikono ya kazi. Rais Luiz Inácio Lula da Silva ni mumoja wao. Mwaka wa 1952, akiwa na miaka saba, alipanda pamoja na mama yake na ndugu zake lori lenye viti vya mbao, aina yenye wanaita pau de arara, wakasafiri siku 13 kutoka Pernambuco mupaka upande wa São Paulo.

Sasa tupige hesabu ndogo. Mutu mwenye alifika São Paulo mwaka wa 1972 akiwa na miaka kumi, leo amepita 60. Watoto wake walizaliwa mu muji, mu mitaa ya pembeni yenye nyumba za matofali bila plasta. Lakini wakati wa likizo walikuwa wanapandishwa basi, siku mbili ao tatu njiani, kwenda kwa tate. Kule walioga mu mutoni, walikula mahindi ya kuchoma, walipigwa na kandambili ya tate, kisha wakarudi mu muji kusoma. Watoto wale leo wana miaka 30, 40. Hao ndio watazamaji wa kweli wa hizi katuni. Na ndio pia wengi wenye kuzichora. Kijiji chenye wanakicheka ni cha likizo, chenye hawakupata kukilima.

Hiyo inafasiria jambo lingine: hizi katuni karibu hazina hadisi. Hazihitaji. Zinafanya kazi kwa kutambua. Mutazamaji anaona mama anafunika kioo na shuka kwa sababu mvua ya radi inakuja, anapiga kelele: ni mama yangu huyo! Familia nyingi za mashambani ku Brazili ziliamini kama kioo kinavuta radi. Tate anakataza mutoto kunywa maziwa kisha kula embe, anasema atakufa; hiyo pia kila Mubrazili aliisikia. Mutoto anafungua kopo la aisikrimu mu frigo, anakuta ndani kuko maharagi ya jana. Mutoto anaomba kwenda ku karamu, anasema kila mutu anaenda, mama anamujibu: wewe si kila mutu. Hii ya mwisho imeshakuwa sawa mezali ku Brazili. Kuisema nusu tu kunatosha watu wacheke.

Kuna vitu vya kila mwezi. Mu mwezi wa sita kuko sikukuu za Mutakatifu Yoane, São João, na moto mukubwa mbele ya nyumba, mavazi ya viraka na vyakula vya mahindi. Kwa watu wa Nordeste hiyo sikukuu ina uzito sawa na Noeli, na katuni za mwezi huo zinafurika. Mwisho wa mwaka kuko nguruwe wa kuchinja. Nje ya hapo hakuna kitu kikubwa: kahawa, mbwa mwenye kulala mulangoni, baba mwenye kofia ya majani mwenye hasemi neno. Inashangaza namna gani baba huyu ananyamaza. Mama anajaza katuni yote, baba anapita nyuma na jembe. Wengi walikulia nyumba za namna ile, na mara nyingi baba hakuwa hata nyuma. Alikuwa ameshaenda kutafuta kazi São Paulo.

Nani alishika kalamu

Kuchora mutu wa shamba si jambo jipya ku Brazili. Jipya ni mwenye kuchora.

Mwaka wa 1914, mwenye shamba mumoja wa bonde la Paraíba, upande wa São Paulo, aliandika mu gazeti O Estado de S. Paulo kulalamika juu ya watu masikini wa mashambani wenye walikuwa wanachoma pori. Jina lake Monteiro Lobato, mwenye kisha akajulikana sana kama mwandikaji wa vitabu vya watoto. Alimupa mutu huyo wa shamba jina: Jeca Tatu. Ni muvivu, anachuchumaa mbele ya nyumba yenye kuanguka, hana hamu ya kitu. Kitabu chake Urupês kilitoka mwaka wa 1918, kikauzwa sana, na jina Jeca likawa tusi. Lobato mwenyewe alibadilisha mawazo. Alisoma habari za madaktari juu ya minyoo ya safura, akaandika kama Jeca hakuzaliwa hivyo, ni ugonjwa ndio ulimufanya hivyo. Kisha Jeca akatumiwa kuuza dawa: kijitabu cha hadisi yake kiligawiwa ku familia nyingi pamoja na tangazo la dawa ya kuongeza nguvu, Biotônico Fontoura. Mwenye shamba alimutukana, kisha mwenye duka la dawa akamutibu. Yeye mwenyewe hakuna mwenye alimuuliza.

Mu miaka ya 1950 Amácio Mazzaropi alimuingiza Jeca mu sinema. Filme yake Jeca Tatu ilitoka mwaka wa 1959, na sala zilijaa. Wenye kuandika juu ya sinema walimuzarau, lakini watu wenye walikuwa wametoka shambani walipanga mustari. Mazzaropi hakuwa mupumbavu: mwaka wa 1958 alifungua kampuni yake mwenyewe ya kutengeneza filme, na aliuza filme zake yeye mwenyewe, akawa tajiri. Jeca yake alikuwa muvivu bado, lakini alikuwa mwerevu, na mara nyingi mwenye feza ndiye alianguka mu matope.

Kisha Chico Bento. Mauricio de Sousa, mwenye anajulikana kwa kundi la Mônica, alimuchora kwa mara ya kwanza mwaka wa 1961, kwa kumukumbuka ndugu wa tate yake mwenye tate mwanamuke alikuwa anamusimulia visa vyake. Chico anatembea bila viatu, anaiba mapera ya jirani, na anaongea sawa watu wa shambani wanavyoongea, si sawa kitabu cha shule. Gazeti lake mwenyewe lilianza mwaka wa 1982. Mabishano hayakukosa: walimu na wakubwa wengine walisema linafundisha watoto Kireno kibaya. Mwaka wa 2025, mwezi wa kwanza, Chico alipata filme yake na watu wa kweli, Chico Bento e a Goiabeira Maraviósa. Hata kichwa chake kimeandikwa kwa matamshi ya shambani. Mutoto mwenye alicheza Chico ni wa Minas Gerais, na alijulikana kwanza ku intaneti, kwa video za maisha ya shamba.

Hapo ndipo tofauti ya leo inaonekana. Mu miaka mia moja kalamu ilitoka kwa mwenye shamba, ikapita kwa mwenye dawa, kwa mwenye sinema, kwa mwenye magazeti, na sasa imefika kwa mujukuu wa Jeca mwenyewe. Hana kampuni, hana mupangaji, hakuna mwenye kumusahihisha Kireno chake.

Mufano wenye kujulikana zaidi si hata katuni ya kutembea. Mwaka wa 2013, kijana mumoja wa Pernambuco, Breno Melo, alifungua ukurasa ku Facebook wenye jina Bode Gaiato, ni kusema beberu muchekeshaji. Watu wake wana mwili wa binadamu na kichwa cha mbuzi, na nyuma yao, bila sababu yoyote, kuko nyota za anga. Mutoto anaitwa Junin. Mama anaitwa tu mainha, sawa watu wa Nordeste wanaita mama yao. Maneno yameandikwa kama vile yanatoka kinywani, bila kusafishwa. Picha zilikuwa mbaya makusudi. Ukurasa ulifikia mamilioni ya wafuasi, na kisha wengi walifuata njia hiyo, wakaongeza sauti na mwendo.

Kucheka pamoja, kucheka mutu

Hapa jambo linaacha kuwa la muchezo. Matamshi ya Nordeste ku Brazili yalikuwa, na bado yako, alama ya kuzarauliwa. Kwa miaka mingi televizio ya taifa ilikuwa na matamshi mawili yenye heshima, ya Rio na ya São Paulo. Mutu wa Nordeste alionekana mu tamthilia kama mulinzi wa mulango, mutumishi wa nyumba ao mupumbavu. Na uchaguzi ukifika, uchungu unatoka waziwazi. Mwaka wa 2010, Dilma Rousseff alipochaguliwa, mwanafunzi mumoja wa sheria wa São Paulo aliandika ku Twitter maneno ya kuomba watu wa Nordeste wauawe. Mwaka wa 2012 mahakama ilimuhukumu mwaka mumoja na miezi mitano, adabu yenye iligeuzwa kuwa kazi za faida ya watu wote na malipo ya feza. Mwaka wa 2014 na 2022, kisha kura kuhesabiwa, matusi ya aina hiyo yalirudi, kwa sababu Nordeste iliwachagua Dilma na Lula kwa wingi.

Kwa hiyo mutu mwenye anaandika oxe na mainha mbele ya mamilioni ya watu, bila kuomba musamaha, anafanya kitu. Wakubwa wa shule walipigana na Chico Bento juu ya namna yake ya kuongea, lakini katuni hizi haziombe ruhusa ya mutu. Mutoto mwenye alikuwa anaficha matamshi ya mama yake mbele ya wenzake wa shule, leo anatuma katuni yenye matamshi yale mu kikundi cha kazi. Hiyo si kidogo.

Lakini katuni ileile inaweza kutumikia wote wawili. Mwenye ana tate ku sertão anacheka sawa mutu mwenye kurudi nyumbani. Mwenye hana, anacheka Jeca wa 1914. Sauti ya kubana, meno yenye hayapo, suruali yenye viraka: hakuna kitu mu mchoro chenye kinasema ni upande gani mutu anapaswa kusimama. Wachoraji wengine wanajua hatari hiyo, wanafanya mama ndiye mwerevu na mugeni wa muji ndiye mupumbavu. Wengine hawajali, na zao mara nyingi zinatembea mbali zaidi, juu zinaeleweka fasi zote.

Kuko pia watu wenye hawachorwe, ao wanachorwa kwa nadra. Sensa ya 2022 ilihesabu kwa mara ya kwanza waquilombola, ni kusema wajukuu wa watumwa wenye walikimbia ao walibaki na inchi yao wenyewe: watu milioni 1.3. Wababu zao wengi walipakiwa mu mashua ku pwani ya Kongo na Angola. Lugha yao iko mu kila nyumba ya Brazili bila watu kujua. Muziwanda, mutoto wa mwisho, anaitwa caçula. Mutoto mutundu anaitwa moleque. Unga wa mahindi ni fubá. Maneno yote matatu yanatoka ku Kimbundu ya Angola. Nao muhogo ulifanya safari ya kinyume: Wareno waliutoa Brazili wakaufikisha ku Kongo mu miaka ya 1500. Ku jimbo la Pará wanapika majani yake siku nyingi, wanaita maniçoba. Mutu wa Uvira akionja atasema ni sombe yenye ilisahauliwa ku moto. Lakini mu katuni familia ya shamba ina rangi ya karatasi, na mama mweusi wa quilombo bado anangoja mwenye kumuchora vizuri.

Kandambili

Kandambili inastahili fasi yake. Ni chombo kikubwa cha muchezo huu: inaruka, inapinda kona, inafuata mutoto mupaka nyuma ya nyumba, inamupata ku kichwa. Wakubwa wanacheka juu walipigwa na hawakufa.

Mwaka wa 2014, mwezi wa sita, Brazili iliweka sheria yenye inakataza kumuadhibu mutoto kwa kumupiga. Watu waliiita sheria ya kofi kwanza, kisha ikapewa jina la mutoto mumoja mwenye aliuawa mwaka ule. Mabishano yalikuwa makali mu bunge na mu makanisa. Wengi walisema: sisi tulipigwa, tulikomaa, mbona leo serikali inaingia nyumbani? Katuni za kandambili zinasimama katikati ya mabishano yale, hata kama mwenye kuzichora hafikirii siasa. Kila moja inasema polepole kama fimbo ilikuwa upendo.

Labda ilikuwa, mu nyumba nyingine. Lakini katuni inachora kandambili peke yake. Haichore mukanda wa baba akirudi na pombe, haichore mutoto mwenye alikimbia nyumba akiwa na miaka kumi na mbili. Mu vikundi vya watazamaji, kati ya vicheko mia, kuko mutu mumoja mwenye anaandika kama kwao haikuwa muchezo. Wengine wanamujibu kwa kicheko.

Kitu kingine chenye hakichorwe: senyenge. Shamba la katuni halina mupaka na halina mwenye kulidai. Mutu hajue kama familia ile ni wenye shamba, wapangaji ao wafanyakazi wa mwenye ng'ombe. Lakini hesabu ya kilimo ya mwaka wa 2017 ilikuta kama mashamba ya familia ni asilimia 77 ya mashamba yote, na yanashika asilimia 23 tu ya udongo. Mwaka wa 1996, tarehe 17 mwezi wa ine, polisi waliua wakulima 19 wasio na mashamba ku Eldorado do Carajás, mu jimbo la Pará. Hakuna mutu mwenye anangoja katuni ya dakika moja ibebe hayo yote. Lakini mutu wa Masisi ao wa Ituri, mwenye anajua kama hakuna shamba bila kesi, ataona haraka ni nini ilitolewa mu picha kusudi ipendeze. Filme ya Chico Bento, kwa sifa yake, haikukimbia: mupera wake unatishwa na barabara ya mwenye feza.

Mutambo wenye unalipa

Kijana mwenye anachora usiku hafanye kwa ukumbusho peke yake. YouTube inalipa, ikiwa mutu anafikia masharti. Njia moja, tangu 2018, ni mutu kuwa na wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa mu mwaka mumoja ili agawiwe sehemu kamili ya feza za matangazo. Kwa mwenye kuzungumza mbele ya kamera, masaa yale yanapatikana. Kwa mwenye kuchora, dakika moja inaweza kula siku nyingi. Ndiyo sababu ukuta hausogei, jiko halisogei, ni kinywa tu ndicho kinafunguka na kufungwa. Watu wanafikiri ni umbo la muchezo. Kwanza ilikuwa kuokoa wakati.

Kisha pigo lingine likaja. Mu 2019 Google ilitozwa ku Marekani dola milioni 170 kwa sababu YouTube ilikuwa inakusanya habari za watoto bila wazazi kukubali. Kuanzia mwezi wa kwanza wa 2020 kila mwenye kuweka video anapaswa kusema kama ni ya watoto. Ikisemwa ni ya watoto, matangazo yenye kulipa vizuri yanatolewa, na fasi ya watazamaji kuandika inafungwa. Sasa katuni ya mama na kandambili ni ya nani? Imechorwa, ina mutoto ndani, ina rangi. Lakini mwenye kucheka ana miaka 40. Mutambo hauone hiyo tofauti vizuri. Na ile fasi ya kuandika ndiyo ilikuwa nusu ya utamu, juu pale ndipo mutu wa Ceará na mutu wa Minas walikuwa wanabishana kama kwa tate yao ilikuwa kandambili ao muti wa mupera.

Ku upande mwingine wa jambo hili kuko Galinha Pintadinha, kuku wa madoa. Mwaka wa 2006 watu wawili wa Campinas waliweka video yake moja ku YouTube kwa sababu ya mukutano na watu wa televizio. Wale wa televizio hawakuichukua, wenyewe waliiacha pale, na kisha miezi fulani wakaikuta imetazamwa mara kama laki tano. Leo ni biashara kubwa ya nyimbo za watoto. Kila mwenye kuchora mama wa shamba anaijua hadisi hiyo, na pengine inamufanya asilale.

Tangu 2025 programu zenye kutengeneza video peke yake, kwa maneno tu yenye mutu anaandika, zimeingia mu kazi hii kwa nguvu. Dakika yenye ilikula siku nyingi inatoka mu muda wa chai. Tate wa mashambani anatoka laini, na mikunjo ya uso, na moshi wa jiko wenye unapanda vizuri kabisa. Mwenye alichora vijiti anashindana naye kwa wakati, hawezi kumushinda. Lakini programu inajua tate wa kila mutu, haijue tate mumoja. Haijue ni tate gani alikuwa anafunika kioo na gani alikuwa anafunika televizio. Wachoraji wenye wanabaki na watu wao ni wale wenye wanaingiza jina la mbwa, jina la dukani, neno lenye linasemwa mu kijiji kimoja peke yake.

Na wenye walibaki kijijini? Watu milioni 25 na zaidi bado wanaishi nje ya miji ku Brazili, na wao pia wana telefone. Kijiji chao si kile cha katuni tena. Mpango wa umeme wa serikali, Luz para Todos, ulianza mwaka wa 2003, ukawasha nyumba za mashambani kwa mamilioni. Mu sertão punda mwenye anabeba maji mu kila katuni alishanyanganywa kazi na moto, yaani pikipiki. Wengi waliachwa barabarani, na ku Bahia wanachinjwa, ngozi zao zinaenda China kutengeneza dawa. Mama mwenye ndoo ya maji ku kichwa naye alipungua: mupango wa visima vya maji ya mvua, wenye mashirika ya Nordeste walianzisha mu 2003, umejenga zaidi ya milioni moja, kila kimoja cha litri 16,000. Ni kitu cheupe, cha muviringo, kinasimama pembeni ya nyumba na bomba kutoka ku paa. Kijana mwenye anachora akiwa bado kule anakitia mu picha bila kufikiri, kama vile anatia mulango. Mwenye anachora akiwa São Paulo anakisahau, juu kwa tate yake, likizo ya mwisho yenye alifika, hakikuwa bado kimejengwa.